Marehemu Yuko Kwenye Lifti

Basi mlango wa lifti ukafunguka, na aliyekuwa ndani ni marehemu.

Ndiyo, wasomaji wangu, yule yule. Tuliachana pale Mtangazaji aliposimama mbele ya kizimba cha chuma, mkono wake umo mkononi mwa mchumba wake, Daktari wa meno. Nyuma yao walikuwa Mama Mkwe mtarajiwa na Shangazi yake Daktari. Lifti ilikuwa inashuka huku ikilalamika, na Mtangazaji alikuwa anaomba aliye ndani awe mtu mwingine yeyote.

Hakuwa mtu mwingine. Alikuwa baba yake mzazi, ndani ya koti la kazi lililopigwa pasi likakubali, kofia kichwani, kiganja juu ya ule mkono wa shaba wa kuendeshea. Mzima kabisa, ila goti.

Kwa wale waliofungia sabuni gazeti la wiki iliyopita, nieleze kwa ufupi. Mzee huyu ndiye mwendesha lifti wa jumba hili kongwe la katikati ya mji. Wafanyakazi humwita Panda-Shuka, na hachukii. Binti yake husoma taarifa ya habari ya asubuhi redioni, na sauti yake inajulikana hata na watoto wa chekechea. Siku ya kwanza alipopelekwa ukweni, Shangazi alimwuliza baba yake anafanya kazi gani. Binti akatazama makochi, akatazama mapazia, akatazama vyeti vya ukoo mzima vilivyotundikwa ukutani.

"Baba alikuwa meneja wa lile jumba la zamani," akajibu. "Alishafariki."

Hivyo tu. Yalimtoka kama chafya, na maji yakimwagika hayazoleki. Posa ikaja, ikapokelewa na mjomba wa binti, ambaye aliona haya hadi akashindwa kumaliza chai yake. Baba mwenyewe hakuambiwa kitu, si posa wala msiba.

Kisha zikafika siku hizi mbili ambazo majumba yote ya kale ya mji hufunguliwa kwa kila mtu aingie, atazame, aguse. Shangazi akaona tangazo. "Twendeni tukaione ofisi ya marehemu," akasema, na Shangazi akisema twendeni, watu huvaa viatu. Mtangazaji alimpigia baba yake simu kupeleleza. Baba akamwambia goti linamsumbua, atapumzika nyumbani. Lakini wageni walifurika tangu asubuhi, wakubwa wa jumba wakamwomba, naye hajui kusema hapana. Akaja.

Sasa tuendelee.

Mzee alimwona binti yake. Uso wake wote ukafunguka, na mikono ikaanza kunyanyuka kumpokea.

Mtangazaji akatikisa kichwa. Kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi.

Na mzee akaelewa. Hilo ndilo linaloniudhi mimi mpaka leo. Alielewa upesi mno, kama mtu aliyekuwa analitarajia. Mikono ile akaimalizia kwenye kofia, akaivua kuwasalimu wageni.

"Karibuni, karibuni. Ingieni polepole, hicho kizingiti kinanizidi umri."

"Shikamoo, mzee," akasema Daktari.

"Marahaba, kijana."

"Shikamoo," akasema Mtangazaji, kwa sauti ambayo haikufika hata kwenye kola ya baba yake.

"Marahaba, bibie."

Bibie! Tangu msichana huyu azaliwe, baba yake hakuwahi kumwita jina jingine ila "mama", kwa kuwa alimpa jina la mama yake mzazi. Leo amekuwa bibie. Mtangazaji akainamisha uso, akajifanya anasoma karatasi ya maelezo ya jumba, nayo alikuwa ameishika juu chini.

Mzee akavuta mlango wa kukunja, akausukuma mkono wa shaba. Lifti ikaanza kupanda. Ngazi za jumba lile zimezunguka kizimba pande zote, kwa hiyo wageni waliokuwa wakipanda kwa miguu waliwapungia mikono kupitia nondo.

"Haina vitufe?" akauliza Mama Mkwe. Huyu ni mama mnene, mchangamfu, anayependa kujua kila kitu kinavyofanya kazi.

"Haina, mama. Ni huu mkono tu. Ukiusukuma inapanda, ukiuvuta inashuka. Ukiuachia, inasimama hapo hapo. Ndio usalama wake. Mwendeshaji akizirai, abiria hawaendi kugonga paa."

"Wewe umewahi kuzirai?"

"Bado. Nilikuwa nangoja wageni wa maana."

Mama Mkwe akacheka hadi mkoba ukamtoka begani. Shangazi hakucheka. Alikuwa ameiona redio ndogo juu ya kiti cha kukunja.

"Na redio kazini mnaruhusiwa?"

"Taarifa ya asubuhi tu, mama. Ikiisha naizima."

"Ya asubuhi?" Mama Mkwe akapiga makofi. "Basi sauti ya huyu unaijua! Mwanangu, sema kidogo, mzee akusikie."

"Mama, jamani, hapa kweli..."

"Sema! Usitunyime."

"Hii ni taarifa ya habari," akasema Mtangazaji, na sauti ikampasukia katikati.

Mzee alikuwa ametazama mlango, kama kazi yake inavyotaka. Hakugeuka. "Ndiyo yenyewe," akasema. "Ila asubuhi huwa imenyooka zaidi."

Hapo ingetosha, wasomaji wangu. Wangefika juu, wangetazama ofisi, wangeshuka, na kila mtu angekwenda kwake na siri yake. Lakini Shangazi ana mdomo usio na breki.

"Na amefika hapo akiwa yatima, maskini," akasema. "Baba yake alikuwa mkubwa wako wa kazi humu humu."

"Nani, mama?"

"Baba yake huyu. Marehemu. Si alikuwa meneja hapa? Ndiyo tumekuja kuiona ofisi yake."

Lifti ikasimama.

Ilisimama katikati ya ghorofa na ghorofa, mbele yao ukingo mnene wa sakafu na miguu ya watu. Shangazi akapiga yowe. Daktari akamshika mama yake. Mtangazaji peke yake hakutazama huko, alitazama mkono wa shaba. Ulikuwa hauna mtu. Vidole vya baba yake vilikuwa vimening'inia ubavuni mwake.

"Imeharibika?" akauliza Daktari.

"Hapana, kijana. Mkono umenitoka. Niwieni radhi."

Lakini hakuushika tena papo hapo. Aligeuka, kofia ameibana kifuani, akamtazama binti yake kwa mara ya kwanza tangu waingie.

"Pole sana, bibie," akasema. "Sikuwa na habari."

"Asante," akajibu Mtangazaji.

Alijibu! Alipokea pole kwa kifo cha baba yake, kutoka kwa baba yake, akasema asante kama mtu aliyepishwa njiani. Mimi nasimulia tu, msinitazame. Mwenyewe alilisikia lile asante lake likitua sakafuni na akatamani ardhi ipasuke immeze, ila chini ya miguu yake hapakuwa hata na ardhi.

"Alifariki kwa maradhi gani?" mzee akauliza kwa upole.

Shangazi akamjibia. "Moyo. Ghafla tu."

"Moyo," mzee akarudia. "Ndiyo. Moyo hautoi taarifa."

"Wewe ulimfahamu?" akauliza Mama Mkwe.

"Nilimfahamu, mama."

"Alikuwa mtu wa namna gani? Mwenzetu huyu ukimwuliza habari za baba yake analia, basi tunamwacha."

Mzee akavaa kofia. Akaushika mkono wa shaba, na lifti ikaendelea.

"Mtu wa kawaida tu," akasema. "Hakuwa na makuu. Kasoro yake moja. Kila aliyemwona alimsimulia habari za binti yake. Binti kapasi, binti kaajiriwa, binti kasomwa jina lake redioni. Ikafika mahali watu wakimwona wanapanda ngazi."

Mama Mkwe akacheka, kisha akafuta macho. Daktari akambonyeza mchumba wake kiganja. "Umesikia?" akamnong'oneza. "Alikuwa anajivunia wewe."

Amesikia. Kama angekuwa na ujasiri wa kuku, angesema pale pale. Aliona aibu, na aibu ile ilikuwa imegeuka sura. Mwaka mzima aliogopa wakwe wasije wakaliona lile koti. Sasa aliogopa kwamba mwenye koti hatamtazama tena.

Wakafika ghorofa ya juu.

Lifti za namna hii hazijisawazishi zenyewe. Mwendeshaji hupima kwa jicho, sakafu ya lifti ikutane na sakafu ya jumba, ndipo afungue. Panda-Shuka alisifika kwa hilo. Ungeweza kuviringisha yai kutoka lifti hadi barazani lisishtuke. Leo alifungua mlango na sakafu ikiwa imebaki chini kiasi cha kiganja.

Shangazi alitoka kwanza, kama kawaida yake. Akajikwaa, akaenda kwa magoti mbele ya wageni wote waliojipanga kuingia ofisi ya meneja. Kiatu kimoja kikamvuka, kikapita kwenye mwanya, kikatumbukia chini kikigonga ghorofa moja baada ya nyingine.

"Jamani, leo kunanyesha viatu!" mtu akapaza sauti kutoka chini kabisa.

Watu wakaangua kicheko. Lo, laiti wasingecheka! Shangazi akanyanyuka nusu, macho yamemtoka.

"Mzee mzembe wewe! Hiyo ndiyo kazi gani? Kwanza unatusimamisha hewani, sasa unataka kuniua?"

"Samahani, mama. Kosa ni langu."

"Samahani itanirudishia goti? Kama kazi imekushinda, kaa nyumbani!"

Mzee akapiga goti lake bovu, akamnyooshea mkono amwinue.

"Usinishike!" Shangazi akampiga mkono ule kofi. Mzee akayumba, akashikilia mlango wa kukunja asianguke. "Wakubwa wako wako wapi? Niitieni msimamizi! Leo hii unalivua hilo koti, utaona!"

"Shangazi," akasema Daktari, "taratibu basi."

"Taratibu nini? Mtu kama huyu anawekwaje mbele ya wageni?"

Hapo ndipo Mtangazaji alipofumbua mdomo. Sitawaambia kwamba alipiga moyo konde. Ukweli ulimtoka tu, kama uongo wake ulivyomtoka siku ile.

"Mwache, Shangazi. Huyo ni baba yangu."

Shangazi akamgeukia.

"Baba yako nani?"

"Baba yangu. Mzazi. Hakufa. Hakuwa meneja. Niliwadanganya, siku ya kwanza, pale sebuleni kwenu, na sikujua nitoke vipi. Ndiye huyu. Baba yangu ndiye huyu."

Alilia sasa, na hakujifuta. Macho ya watu wote yakahamia kwa mzee. Mzee alikuwa anajipangusa vumbi gotini. Akamtazama binti, akamtazama Daktari, akakitazama kidole chenye pete ya uchumba. Akatabasamu lile tabasamu lake la wageni.

"Mama zangu, msimsikilize," akasema. "Ni joto la humo ndani, na uchungu. Mtu akimkumbuka marehemu wake sana, humwona kwa kila mzee. Mimi bibie huyu simjui. Namjua kwa redio tu."

"Baba!"

"Mpeni maji anywe," akasema mzee, na akarudi ndani ya lifti yake.

Mnaliona hilo? Alimkana, ili amwokoe. Mwenzake alimkana kwa sababu ya mapazia ya watu. Sijui ni lipi lililomchoma zaidi yule binti.

"Ni kweli?" akauliza Daktari. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Ni kweli."

"Lipi? Lipi ndilo la kweli?"

Mtangazaji akaielekezea lifti kidole.

Mama Mkwe akasogea, uchangamfu wote umemwisha.

"Nisikilize, mwanangu. Kama mzee anasema kweli, umetudanganya sasa hivi, mbele za watu. Kama wewe unasema kweli, umetudanganya mwaka mzima, ukala kwetu, ukanywa kwetu, na mimi nikakulilia msiba usiokuwepo. Huna pa kutokea pazuri."

"Najua, mama."

"Basi mfuate. Sisi tutakaa hapa hapa kwenye benchi. Kama ni baba yako, rudi naye, nimwombe radhi kwa yaliyomtoka wifi yangu. Kama hutarudi naye, usirudi."

"Nami kiatu changu?" akauliza Shangazi. Hakuna aliyemjibu.

Lifti ilikuwa imeshaanza kushuka. Mtangazaji akavua viatu vyake, akaviacha pale, akakimbilia ngazi.

Nimeshawaambia kwamba ngazi zimezunguka kizimba. Basi alikimbia huku akimwona, kofia, mabega, koti, vikizama polepole upande wa pili wa nondo. "Baba!" akaita. Watu wakajibanza ukutani kumpisha. "Baba, nisubiri!" Mzee alitazama mlango. Binti akafika ghorofa iliyofuata akaita tena, na tena iliyofuata, na kila alipoita wageni waligeuka, kwa kuwa sauti ile walikuwa nayo jikoni mwao kila asubuhi.

"Si yule wa redio huyo?"

"Ndiye. Ana nini?"

"Anamwita baba yake."

"Baba yake yuko wapi?"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ngazi za jumba lile ni ndefu. Alipofika chini pumzi zilikuwa zimemwisha, na lifti ilikuwa imeshafika kabla yake. Mlango wazi. Mzee alikuwa anapokea wageni wapya, akimsaidia bibi mmoja mwenye mkongojo kuvuka kizingiti. Safari hii sakafu zilikutana sawasawa.

"Baba," akasema Mtangazaji. "Nisamehe. Wote wameshajua. Twende nawe juu, nikutambulishe inavyopasa."

Mzee akamtazama. Miguu peku, uso umelowa, karatasi ya maelezo bado imekunjamana kiganjani. Midomo ya mzee ikatikisika, na kwa muda kidogo Mtangazaji alidhani ataitwa jina lake la nyumbani.

"Bibie," akasema, "hapa kuna foleni."

"Hata sisi tumechoka kusimama, dada," akadakia mama mmoja mwenye mwavuli. "Usijifanye mashuhuri."

"Nyuma! Nyuma!" wakaitikia wengine.

Angeweza kusukuma. Angeweza kuingia kwa nguvu, au kukaa chini mlangoni agome. Mimi ningefanya hivyo, na nadhani hata wewe. Lakini aibu ilikuwa imemshika sikio kama mwalimu, ikampeleka pole pole mpaka mwisho wa foleni, nje, juani, nyuma ya familia iliyokuwa ikibishana kama jumba hili ni la kale kuliko mahakama.

Akasimama. Akapanga maneno. Nitaanza na redio, akajisemea, nitamwambia wakati wote nilikuwa nasoma taarifa nikijua ananisikiliza. Hapana, nitaanza na mjomba. Hapana, nitapiga magoti tu, mbele ya watu wote, si wanataka kutazama? Lifti ikapanda, ikashuka, ikapanda. Kila iliposhuka aliinuka kwa ncha za vidole, akaiona kofia ikipita juu ya vichwa, moyo ukatulia. Watu wakapungua mbele yake. Akaingia kivulini, akavuka mlango mkubwa, akabakiwa na familia ile tu, kisha nayo ikapanda.

Safari hii lifti ilikawia huko juu. Ikakawia mno. Nyuma yake wakaanza kusonya.

Ndipo ikashuka, kwa mikwaruzo, ikapita sakafu, ikarudi juu, ikasimama upande. Mlango ukafunguliwa kwa kugombana nao. Ndani alikuwa mlinzi wa ghorofa ya juu, ameukamata mkono wa shaba kwa mikono yote miwili kama anayezuia mbuzi asitoroke.

"Mzee yuko wapi?" akauliza Mtangazaji.

"Panda-Shuka? Kashuka kwa ngazi za nyuma. Kaomba ruhusa, mimi akaniachia balaa hili."

"Ni goti? Anaumwa?"

"Haumwi. Ana msiba."

"Msiba wa nani?"

"Kafiwa na binti yake, maskini. Wa pekee. Habari kazipata leo leo, hapa hapa kazini." Mlinzi akajifuta jasho kwa mkono wa shati, akatazama watu waliokuwa wakisukumana nyuma yake. "Haya, dada, unapanda au unawapisha wenzako?"